Mama Justa, Kanuni ya Tisa na Ng'ombe wa Kamanga

Jumanne tarehe 30 Juni 1998, saa tisa na nusu alasiri, Bibi Bernadetta Kahigwa atafunga droo ya meza yake katika Ofisi ya Ligi ya Mwambao, hapa Mwanza, na funguo atanikabidhi mimi. Atakuwa ameitumikia ligi yetu miaka ishirini na saba, miezi minne na siku ishirini na nane. Hesabu hiyo kaifanya mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeandika miaka ishirini na saba na nusu, ikapendeza, lakini aliikata kwa kalamu nyekundu na kuniambia nisimwongezee hata mwezi ambao hakuufanyia kazi. Jamani, hata wasifu wake kaukagua! Ila alikagua ukurasa wa kwanza tu. Kurasa zinazofuata hajaziona, na nilikuwa na sababu ya kumficha.

Mimi ni Mihayo Kashindye, karani wake msaidizi tangu mwaka 1985, na kuanzia tarehe mosi Julai nitakalia kiti chake cha Mhakiki wa Klabu. Ofisini tunamwita Mama Justa, kwa jina la binti yake wa kwanza. Mashabiki wa jukwaa la jua pale uwanja wa Nyamagana walimwita Mama Kanuni, na si mara zote kwa upendo. Kamati imeniagiza wasifu huu wa kumuaga, utakaochapishwa msome wote, usizidi kurasa mbili. Wanisamehe, nitazidi.

Mama Justa alizaliwa Kamachumu, mkoani Kagera, mwaka 1943, mtoto wa tatu wa mkulima wa kahawa na migomba. Alisoma kwa masista, na Kiswahili chake mpaka leo kimenyooka kama kitanda kilichotandikwa na mtawa. Alikuja Mwanza kwa meli mwaka 1966 kumfuata mumewe, marehemu Rwehumbiza, aliyekuwa fundi wa reli, na tarehe 2 Februari 1971 akaajiriwa kwetu kama mpiga chapa. Mpira alikuwa haujui kabisa. Wazee wa ofisi wanasimulia kwamba mechi yake ya kwanza alitazama dakika ishirini, kisha akamuuliza mwenyekiti kwa nini yule kipa amevaa jezi tofauti wakati ofisi imelipia jezi za aina moja. Watu walicheka hadi machozi. Mwenyekiti hakucheka, alimwandika jina pembeni, na mwaka 1978 akampeleka kusomea utunzaji wa vitabu vya hesabu.

Kazi iliyomjengea jina ilikuja mwaka 1986, pale ligi ilipotunga Kanuni ya Tisa. Vijana wa leo wanaikuta tu kitabuni, kwa hiyo niwaeleze. Miaka hiyo biashara ilikuwa imeanza kufunguliwa. Maduka yaliyokuwa na foleni za sabuni yakaanza kujaa vitu, na baadaye kidogo vikaja viwanda vya minofu ya sangara kandokando ya ziwa. Wenye fedha wakagundua kwamba timu ya mpira ni njia nyepesi ya kupendwa. Tajiri alikuwa anaibeba klabu, anaijaza wachezaji kutoka Tabora, Kigoma na hata ng'ambo ya mpaka, wanatamba msimu mmoja, wa pili anachoka. Anaondoka zake. Wachezaji wanabaki stendi na mabegi yao, klabu inabaki na madeni, na wanachama wanabaki na picha ya kombe.

Ndipo ikaandikwa kwamba klabu haitatumia kwa msimu zaidi ya mapato yake ya mlangoni, ada za wanachama na zawadi zilizoandikwa kwenye daftari la ligi kabla ya mechi ya kwanza. Tajiri anaruhusiwa kutoa, hakuna aliyemkataza, ila aandike mapema na mbele ya watu wote. Atakayekiuka ananyang'anywa pointi tatu. Kanuni ilikuwa nzuri sana, tatizo likawa nani ataisimamia. Wanaume wanne walipewa kazi hiyo kwa zamu na wote wanne wakaikimbia, kila mmoja kwa ugonjwa wake. Mama Justa akaichukua bila kuugua.

Namna yake ya kukagua ilikuwa ya peke yake. Hakuanzia kwenye vitabu. Alianzia jikoni. Klabu ikiwa kambini ungemwona anashuka na mkoba wake wa ukili, anapitiliza ofisi ya katibu bila hata kugeuza shingo, anakwenda moja kwa moja kufunua sufuria. Alihesabu magunia ya unga, akaangalia mifupa ya samaki jalalani, akamwamkia mpishi na kumuuliza habari za watoto. Katibu anaweza kuandika kwamba timu inakula dagaa. Jalala halijui kuandika uongo, na mama aliliamini jalala. Kuna klabu moja, siitaji, iliandika maharage msimu mzima huku uani kukiwa na vichwa vya mbuzi vya kutosha sikukuu mbili. Kocha alijitetea kwamba ni mbwa wa jirani huwa wanavileta. Mama Justa alimwandika mbwa huyo kwenye ripoti kama mfadhili ambaye hakusajiliwa.

Mitumba iliporuhusiwa na viatu vya mpira vya Ulaya vikamwagika sokoni, klabu zikaanza kuandika bei za kujitungia. Mama akaenda sokoni Mkuyuni mwenyewe. Alipatana bei ya jozi moja kwa nusu saa, akamkamua muuzaji hadi senti ya mwisho, akaiandika bei, akashukuru, akaondoka bila kununua. Akarudia hivyo kwa wauzaji sita. Nilikuwa nyuma yake nimebeba mwavuli, na matusi yote ya siku ile yaliangukia kwangu!

Nisisahau tiketi. Kwa cheo chake alikuwa na haki ya kuingia uwanjani bure na kukaa kivulini na waheshimiwa. Miaka yote hiyo alinunua tiketi yake kwa mshahara wake na kukaa juani na watu wake wa makelele, mwavuli juu, kopo la senene wa kukaanga mapajani ikiwa ni msimu wao. Kiongozi wa klabu akipita hakumkaribisha hata senene mmoja. Mimi, kwa kuwa si kiongozi wa klabu yoyote, nilikula.

Sasa mnauliza: je, alitenda haki? Swali hilo limezungushwa vijiweni miaka kumi na miwili. Klabu kubwa zilidai mama ana wivu na maendeleo. Klabu ndogo zilidai anawaogopa wakubwa na kuwakandamiza wanyonge. Kwa kawaida wakilalamika wote wawili watu husema mambo yako sawa, lakini Mama Justa hakukubali kujifariji hivyo. Alikuwa anasema inawezekana kabisa kumwonea kila mtu kwa wakati wake. Na ilitokea. Alimwonea mtu mmoja, na ndiyo habari niliyokaa kuiandika.

Mwaka 1989 Nyota ya Kamanga walikuwa timu ndogo iliyopanda daraja kwa jasho lao, wavuvi na wakulima kutoka ng'ambo ya maji. Katikati ya msimu tulivuka kwa boti kwenda kukagua kambi yao, mama na mimi. Jikoni mambo yalikuwa safi: unga, mchicha, samaki waliowavua wenyewe. Lakini uani amefungwa ng'ombe jike mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, na pembeni yake kibuyu cha maziwa. Mama akafungua daftari. Ng'ombe hakuwamo. Akauliza ametoka wapi, wakamwambia ni wa Mzee Mhoja, mfugaji wa palepale Kamanga, amewapa wamtunze.

Wasomaji wa kwetu Usukumani mmeshaelewa. Kwetu mwenye ng'ombe wengi huwapeleka wengine kwa mtu anayemwamini, akae nao. Mtunzaji anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe na ndama wake wote wanabaki mali ya mwenyewe, na siku akiwataka wanarudi. Ng'ombe akifa, mtunzaji anapeleka ngozi kwa mwenyewe ili ionekane kwamba hakumuuza. Hiyo si zawadi. Ni kazi ya kuaminiana. Mama Justa, mtoto wa migombani Kamachumu, hilo hakulijua. Yeye alisikia amewapa, akaona maziwa yananywewa, akaandika: ng'ombe mmoja, zawadi, hakusajiliwa. Nyota wakaandika barua ya kujitetea, naye akawajibu kwamba mali iliyofungwa uani kwao na maziwa yake wanakunywa wao ni mali yao. Pointi tatu zikaondoka. Mwisho wa msimu Nyota wakashuka daraja kwa pointi mbili.

Miaka sita ikapita. Tukaingia mwaka 1995, na mabingwa watarajiwa walikuwa Radi ya Mkuyuni, timu yangu mimi, timu ya damu yangu, nisiseme uongo. Mfadhili wake alikuwa Bwana Elias Shimba, mfanyabiashara wa minofu, mtu mcheshi na mwenye mkono mpana. Zikibaki mechi tatu tulikuwa tunaongoza ligi kwa pointi mbili. Tulikuwa tumeshaagiza ngoma. Ghafla wachezaji watano wa Radi wakaonekana mjini juu ya pikipiki nyekundu mpya, zinanguruma kuanzia Mkuyuni hadi Pasiansi. Weee! Watoto wakakimbia nyuma yao wakishangilia. Mama Justa akafungua daftari, na pikipiki hazikuwamo.

Akawaandikia Radi kuwataka maelezo. Katibu wao akajibu kwa barua nzuri yenye muhuri: pikipiki si zawadi, ni za kuazima, mali ya Bwana Shimba, zitarudishwa msimu ukiisha. Kamati ikashusha pumzi. Mwenyekiti wa wakati huo akasema azima si matumizi, jalada lifungwe, tujiandae kwa mechi za mwisho. Nilifurahi mno, nikaenda kununua chai ya maziwa na maandazi kwa ofisi nzima.

Mama Justa hakugusa andazi. Alikuwa ameshika ile barua, anausoma mstari wenye neno la kuazima, anaurudia tena na tena. Kisha akainuka, akaenda kwenye kabati la nyuma, akatoa faili la Nyota la mwaka 1989. Akaiomba Kamati wiki moja. Akaniambia kesho tunavuka.

Hapa ndipo inapoanzia sababu ya kumficha kurasa hizi. Kwenye kivuko, katikati ya maji, mama aliniuliza, kwa kuwa mimi ni Msukuma, kama kuna desturi ya kumkabidhi mtu ng'ombe bila kumpa. Nilitaka kuruka majini. Nikamwambia ipo. Akaniuliza nimeijua lini. Nikamwambia nimeijua tangu naanza kutembea. Babu yangu Misungwi alikuwa na ng'ombe kwenye nyumba nne za watu. Akaniuliza basi mwaka 1989, siku ile pale uani, nilikuwa wapi. Na kweli siku ile katibu wa Nyota alipoona mama haelewi alinigeukia mimi, mtu wa kwao, akinisubiri niseme neno moja. Mimi nikageuka nikawa natazama ziwa. Nilitazama ziwa kwa sababu wiki mbili kabla Nyota walikuwa wameifunga Radi yangu mbili kwa moja, na roho ilikuwa bado inaniuma. Hakuna sababu nyingine. Nilijua, nikanyamaza, na timu ya watu ikashuka daraja.

Nilimweleza yote. Nilitegemea kufokewa, na nilifokewa. Kwanza kwa Kihaya, ambacho sikielewi, nikashukuru. Kisha kwa Kiswahili, nikaelewa kila neno. Halafu akafungua faili la Nyota, akalisoma mpaka tukafika Kamanga.

Mzee Mhoja tulimkuta nyumbani kwake anatengeneza ua wa ng'ombe. Mama Justa, mkaguzi aliyewatetemesha matajiri wa mji huu, alipiga magoti palepale kwenye samadi, kwa adabu ya kwao, akamwamkia shikamoo na kumwomba radhi. Mzee akaitikia marahaba. Akaanza kumuuliza habari za watoto, za kazi, za mvua za Bukoba, hana haraka hata kidogo, huku mama bado yuko chini. Mwishowe akamwinua. Akamwambia siku ile angemuuliza hata mtoto wa darasa la pili angeelezwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alitueleza kwamba timu iliposhuka vijana walitawanyika, kipa akarudi kwenye nyavu za samaki, na ng'ombe akarudi kwake akiwa na ndama wawili. Majirani watatu wakathibitisha. Yule jike mwenyewe alikuwa palepale zizini, keshazeeka, anatafuna.

Tukarudi mjini mama akiwa ameandika maswali matatu ya kupima kitu chochote kinachoitwa cha kuazima. Mwenye mali ni nani, na mashahidi wake ni akina nani? Kitarudi lini, au kimesharudi? Kikipotea au kikifa, hasara inamwangukia nani na anatoa taarifa kwa nani? Ng'ombe wa Kamanga aliyajibu yote matatu. Kisha tukaenda kuziuliza pikipiki za Radi. Kadi zote tano zilikuwa na majina ya wachezaji wenyewe. Kibaya zaidi, mshambuliaji wetu wa kutegemewa alikuwa ameshamuuzia ya kwake mtu wa Geita na kumnunulia mkewe cherehani. Tulimkuta mke anashona, anatukaribisha kwa furaha, na yeye ndiye aliyetuonyesha hati ya mauzo. Huwezi kuuza kitu cha kuazima. Mimi shabiki wa Radi nilisimama pale mlangoni naona kombe linaondoka na cherehani ile.

Ripoti yake kwa Kamati ilikuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulisema yeye, Bernadetta Kahigwa, aliwaonea Nyota ya Kamanga mwaka 1989 kwa kutojua na kwa kutouliza, na adhabu ile ifutwe. Ukurasa wa pili ulisema Radi ya Mkuyuni wamevunja Kanuni ya Tisa na wanyang'anywe pointi tatu. Jina langu halikuwamo popote. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba sahihi ya mwaka 1989 ilikuwa yake, basi.

Kikao kile sitakisahau. Wajumbe walimbembeleza auondoe ukurasa wa kwanza; wakasema mambo ya Kamanga yamepita, kwa nini ajikaange kwa mafuta yake mwenyewe. Wengine walitaka aziondoe zote mbili. Mwenyekiti alimkumbusha kwa sauti ya chini kwamba mfanyakazi anayekiri kuishusha timu kimakosa anaweza kufukuzwa na kupoteza mafao, na yeye alikuwa na miaka ishirini na minne ya kazi na watoto wawili bado shuleni. Unga ulikuwa karibu kumwagika. Mama Justa akajibu kwamba kurasa zile zimebanwa kwa pini moja. Ukichomoa wa kwanza, Radi watasema ng'ombe wa maskini alihesabiwa na pikipiki za tajiri nazo zinahesabiwa kwa kukisia tu, mkaguzi hajui azima ni nini. Na watakuwa wamesema kweli. Hawezi kumwadhibu mkubwa leo kwa kipimo ambacho jana alikikosea kwa mdogo, mpaka kwanza akitengeneze kwa mdogo. Alisema hayo amesimama, mikono imeshika mkoba.

Kura zilikuwa tano kwa nne. Radi tukapoteza pointi tatu na, ingawa tulishinda mechi zote zilizobaki, tukalikosa kombe kwa pointi moja. Nyota wakarudishwa daraja la kwanza msimu wa 1996. Mama hakufukuzwa, ila alipewa barua ya onyo, moja tu katika maisha yake yote ya kazi, na imo kwenye faili lake mpaka leo.

Mji ulichemka. Kwa mwezi mzima hakuweza kununua nyanya Mkuyuni; akina mama wa sokoni walimjibu kwamba nyanya hizo ni za kuazima, haziuzwi. Mimi mwenyewe, aibu na hasira zimechanganyika, sikumwamkia siku nne. Na kila siku, saa nne asubuhi, nilikuta kikombe cha chai mezani kwangu kimefunikwa kisahani. Siku ya tano nikaamka, nikamwamkia, nikanywa.

Msimu uliofuata, kabla ya mechi ya kwanza, Bwana Shimba alifika ofisini mwenyewe. Alikaa kwenye benchi nyuma ya makatibu wa timu ndogo, akasubiri zamu yake, akaandikisha zawadi kurasa tatu, hadi madumu ya mafuta ya kula. Alimtania mama kwamba amesahau kuandika kicheko chake. Mwaka 1997 Radi tulitwaa kombe, kila shilingi ikiwa daftarini, na niseme wazi: kombe lile lilikuwa tamu kuliko yote. Nyota bado ni maskini na Radi bado ni matajiri, Kanuni ya Tisa haikubadili hilo. Lakini sasa wote wanasimama kwenye benchi moja na kuulizwa maswali matatu yaleyale, na aliyefanya hivyo ni mama huyu.

Mwezi uliopita Nyota walileta barua. Wanataka kumpa Mama Justa ng'ombe kwa kumuaga. Kanuni ya Ishirini na Mbili inasema mfanyakazi wa ligi hatapokea kutoka kwa klabu zawadi inayozidi soda moja, hadi mwaka upite tangu aondoke kazini. Mama aliwajibu siku hiyohiyo: ahsante, hapana, someni kanuni. Wiki iliyofuata Mzee Mhoja alivuka mwenyewe na fimbo yake, akapanda ngazi za ofisi yetu kwa mara ya kwanza. Alisema katibu wao ni kijana wa juzi, ameandika vibaya. Yeye hajasema kutoa. Anatafuta mtu wa kumtunzia ng'ombe wake, amesikia Pasiansi, anakoishi mama, kuna majani mazuri karibu na maji, na anamwamini mwanamke aliyepiga magoti kwenye samadi.

Mama Justa alilisukuma daftari upande wangu wa meza, akatoka nje kusimama barazani, kwa sababu jambo linamhusu.

Nikabaki na kalamu. Ungeweza kusema ni jambo dogo, sote tunampenda, piga muhuri. Lakini hata Kamati ya mwaka 1995 iliipenda Radi. Basi nilivuka kwenda Kamanga, na nikamwomba Bwana Shimba wa Radi afuatane nami awe shahidi, asije mtu akasema tumependeleana. Nikauliza maswali matatu mbele ya majirani. Mwenye mali ni Mzee Mhoja, na ndama ni wake. Ng'ombe atarudi siku mama akichoka au mzee akimhitaji. Akifa, ngozi itavushwa Kamanga. Bwana Shimba aliweka sahihi huku akitikisa kichwa na kucheka, akasema angejua mapema angeazima ng'ombe badala ya pikipiki. Nimeandika hivi: jike mmoja, mwekundu, baka jeupe usoni, mjukuu wa yule wa mwaka 1989, si zawadi, mtunzaji Bernadetta Kahigwa. Atavuka kwa kivuko Jumamosi ya sherehe ya kumuaga mama, asubuhi.

Niliposhika kalamu hiyo sikuona haki kumuuliza mzee maswali matatu na mimi nisijiulize hata moja. Nilifungua faili la mama, nikalisoma lile onyo, nikaiandikia Kamati kueleza nilivyotazama ziwa mwaka 1989. Ijumaa iliyopita Kamati iliamua: nakala ya onyo imewekwa kwenye faili langu, jina langu limeandikwa chini ya la kwake, na kwa hiyo ninakalia kiti chake nikiwa na onyo siku ya kwanza. Yeye hajui. Anasoma hapa kwa mara ya kwanza, pamoja nanyi.

Mama Justa, najua una kalamu nyekundu mkononi. Iweke chini. Kosa ulilolibeba miaka mitatu lilikuwa na watu wawili, na mmoja wao alikuwa anakunywa chai yako. Ofisi nzima inakushukuru, Radi inakushukuru, Kamanga inakusubiri kwenye kivuko. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na maziwa kila asubuhi, na Mzee Mhoja amesema atakuwa anakuja kumwangalia ng'ombe wake kila baada ya mavuno, kwa hiyo hutakosa wageni. Kaishi vizuri, mama. Humu sijakuongezea hata siku moja ambayo hukuifanyia kazi.